Ile Bunduki ya Kijani na Njano Ina Stori

Wasee, leo tuongee rangi. Sio rangi ya kucha wala ya matatu, ingawa matatu itaingia hapo katikati. Naongea rangi ya bunduki.

Kama unacheza geimu za kupigana kwa simu, unajua skini. Bunduki ni ile ile, lakini ukiivalisha dhahabu ama moto ama chui, unajiona umefika. Sasa kati ya bunduki zote zilizopakwa rangi zinazozunguka intaneti, kuna moja ina mashabiki wake maalum. Ni ndefu, nyembamba, imepakwa kijani na njano iliyofifia kwa brashi, na mistari imeenda ovyo kama mtoto wa nasari ndiye alipewa kopo. Kuna wanaume Marekani wananunua bunduki ya aina hiyo ikiwa nyeusi, safi, halafu wanakaa kwa gereji wakiipaka hivyo hivyo kwa mkono. Rangi ikikauka wanaikwaruza makusudi ndio ionekane imetoka vitani. Wanavaa kaptura fupi, wanapiga picha, wanaandika chini yake neno moja: Rhodesia.

Rhodesia ni nchi ambayo haipo. Ilikuwa pale Zimbabwe iko leo. Na hoja yangu leo ni moja tu, niiweke mapema usiniambie sikukuonya: ile rangi haikupakwa juu inapendeza. Ilipakwa kwa kazi, kazi yenyewe ilikuwa kuua watu wanaofanana na mimi na wewe, na mtu akikuuzia kama mtindo tu, kuna kitu anakificha. Lakini ili uone anachoficha, lazima tuanze na chuma chenyewe.

Chuma hakipendi hewa

Chuma ukikiacha nje kinashika kutu. Kila mtu aliyewahi kuwa na geti la mabati Kayole ama baiskeli Mombasa anajua. Bunduki ni chuma, tena inashikwa na mikono yenye jasho, inanyeshewa, inalazwa chini. Kwa hivyo tangu zamani mafundi wa bunduki wamekuwa na vita viwili: vita vya yule mteja anayepigana, na vita vya kutu.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya ajabu kidogo. Fundi alikuwa anakaribisha kutu kwa mpango. Anapaka chuma maji ya asidi na chumvi, anaacha kishike kutu nyembamba, anasugua, anarudia tena na tena, mwishowe anapaka mafuta ama nta. Kinachobaki ni ngozi ya kahawia iliyoshikana na chuma, inayozuia kutu mbaya isiingie. Baadaye wakajua kubadilisha hiyo ngozi iwe nyeusi yenye ubluu, ile unaona kwa bunduki za zamani za kuwindia. Inapendeza sana, lakini ni nyembamba. Ukiisahau kwa unyevu wiki mbili, kutu inarudi kukusalimia.

Mwanzo wa karne ya 20 ikaja njia ya fosfeti. Chuma kinachovywa kwenye maji moto yenye asidi ya fosforasi, kinatoka na ngozi ya kijivu yenye chembechembe ndogo. Haing'ai, na hiyo ndiyo faida yake, juu mwanajeshi anayeng'aa ni mwanajeshi anayeonekana. Kampuni ya Parker ya Detroit ilianza biashara hiyo mwaka wa 1915, na kufikia Vita vya Pili vya Dunia bunduki za Marekani kwa mamilioni zilikuwa zimetiwa ngozi hiyo. Tena zile chembechembe zinashika mafuta. Zinashika na rangi pia.

Hapo ndipo matatu inaingia. Muulize fundi yeyote wa rangi pale Kirinyaga Road kama unaweza kupiga spre juu ya bodi yenye grisi. Atakucheka. Lazima uoshe, upige msasa mpaka ile bodi iwe na ukwaruzo, upake praima, ndio sasa uweke ile grafiti ya msanii wako unayempenda. Rangi haishiki kitu laini chenye mafuta. Inataka mahali pa kushika kucha. Bunduki ni hivyo hivyo. Waingereza walipaka rangi nyeusi juu ya fosfeti kwa bunduki zao za jeshi, wakaichoma ndani ya tanuri ikawa ngumu. Warusi nao walipaka AK zao rangi nyeusi juu ya fosfeti. Siku hizi kuna rangi zenye vumbi la kauri ndani yake, zinachomwa kwa oveni saa kadhaa, na zinavumilia joto na mikwaruzo kuliko chochote ambacho babu zetu waliona.

Kwa hivyo kiwandani rangi ilikuwa nyeusi. Nyeusi kiwandani, nyeusi kwa stoo, nyeusi mkononi. Shida ni kwamba kichakani hakuna kitu cheusi, kirefu, kilichonyooka kama rula. Jicho la binadamu linakiona haraka. Kumbuka hiyo, tutairudia.

Mwaka wa 1890

Sasa tuache chuma tuende kwa watu.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini mkataba kule Brussels, Ubelgiji. Ukiuliza, utaambiwa ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa Afrika, na kweli mambo hayo yamo. Lakini ndani yake kuna sehemu ya bunduki. Walichora mistari miwili kwenye ramani, nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini, wakasema katikati ya hiyo mistari silaha za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika. Magobore ya zamani yasiyo na mtai ndani ya mtutu, yale ya kuwashwa kwa jiwe, hayo yangeruhusiwa. Bunduki za kisasa, hapana.

Angalia ramani. Kenya yote iko ndani. Tanzania iko ndani. Na mpaka wa kusini wa Zimbabwe, Mto Limpopo, unapita karibu kabisa na hiyo nyuzi 22.

Sasa sikia. Mwaka huo huo wa 1890, mwezi wa Septemba, msafara wa wazungu waliotumwa na kampuni ya Cecil Rhodes uliingia Mashonaland na kupandisha bendera mahali walipopaita Fort Salisbury. Leo panaitwa Harare. Miaka mitatu baadaye, 1893, watu wa kampuni hiyo walipigana na Wandebele wakitumia bunduki za mashine za Maxim. Yani mkono mmoja unaandika kwamba Mwafrika abaki na gobore, mkono mwingine unakokota Maxim. Sisemi mkataba uliandikwa kwa ajili ya Rhodes. Nasema tu kwamba stori ya bunduki Afrika ni stori ya nani anaruhusiwa kushika nini, na hiyo stori imeanza kabla ya hiyo rangi ya kijani na njano.

Aliyeuonyesha msafara ule njia anaitwa Frederick Selous, mwindaji Mwingereza. Weka hilo jina mfukoni pia.

Nchi ya wachache

Turuke mbele. Sheria ya ardhi ya 1930 iliwapa wazungu wa Rhodesia karibu nusu ya nchi, na ile nusu nzuri, ya udongo mwekundu na reli. Kama wewe ni wa Kiambu ama Nakuru, hii unaijua bila kuambiwa, sisi tulikuwa na yetu ikiitwa White Highlands. Kufikia miaka ya 1970 wazungu walikuwa chini ya laki tatu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni tano.

Wakati huo Uingereza ilikuwa inafunga virago Afrika. Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, Zambia na Malawi 1964. Wazungu wa Rhodesia waliona hiyo foleni na hawakutaka kuingia. Tarehe 11 Novemba 1965, waziri mkuu wao Ian Smith akatangaza uhuru bila ruhusa ya Uingereza. Usikose kuona ujanja wa hilo neno. Uhuru huu ulikuwa wa laki tatu kukataa uhuru wa milioni tano.

Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo 1966, ukaviongeza 1968. Na upande wa pili watu wakachukua silaha. ZANU walikuwa na jeshi lao ZANLA, ZAPU walikuwa na ZIPRA. Silaha zilitoka China na Urusi. Mafunzo mengi yalifanyika kwa jirani yetu: Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na vijana wa ZANLA walikuwa na kambi Mgagao, mkoa wa Iringa. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema hivyo vita vilikuwa mbali, mwambie kuna Watanzania wazee wanaokumbuka wale vijana kwa macho yao.

Brashi na kopo

Jeshi la Rhodesia lilikuwa linabeba FAL. Isome vizuri, FAL, sio fala. Ni bunduki ya kampuni ya FN ya Herstal, Ubelgiji, na ilienea duniani hadi zaidi ya nchi 90 zikawa nayo. Rhodesia ilikuwa na toleo la Uingereza ililolipata kabla ya vikwazo, halafu Afrika Kusini, ambayo ilikuwa inaitengeneza kwa leseni, ikaendelea kuwasaidia. Ni bunduki ndefu zaidi ya mita moja, uzito zaidi ya kilo nne bila risasi, na risasi yake ni ile ile ya G3 ambayo polisi wetu wamebeba miaka na miaka.

Na ilikuwa nyeusi. Sasa kumbuka lile jicho.

Kichaka cha Zimbabwe wakati wa kiangazi ni nyasi kavu ya manjano na miti yenye majani ya kijani kilichochoka. Mwanajeshi amevaa sare ya madoa, uso amepaka, halafu kifuani amebeba rula nyeusi ya mita moja. Suluhu yao haikutoka kiwandani. Ilitoka kwa kopo. Wanajeshi walichukua rangi ya kijani na rangi ya njano iliyofifia, wakapaka kwa brashi juu ya ile nyeusi, kila mtu kwa mkono wake. Ndio maana hakuna mbili zinazofanana. Lengo halikuwa mchoro mzuri, lengo lilikuwa kuuvunja ule mstari mrefu, ili jicho likipita lione matawi na sio bunduki.

Kama kazi ya rangi, ilikuwa ya haraka haraka. Rangi ya brashi haiwezi kushinda ya tanuri. Inabanduka kwa kona, inaisha pale mkono unaposhika, inapauka kwa jua, halafu unarudia na kopo. Ile sura ya kuchakaa ambayo sasa watu wanaitengeneza makusudi kwa gereji ilikuja yenyewe, kwa jasho na miiba.

Na kazi yake ilikuwa gani? Kuanzia 1974 jeshi hilo lilikuwa na mtindo wa vita ulioitwa Fireforce. Watu wanakaa mlimani wakitazama vijiji. Wakiona wapiganaji, wanaita kwa redio. Helikopta zinakuja, moja ina mzinga wa milimita 20, zingine zinashusha wanajeshi wanne wanne wanaozingira mahali, na wengine wanarushwa kwa parachuti. Mashabiki wa intaneti wanapenda sana kuongea juu ya hii mbinu, na kijeshi kweli ilikuwa kali. Lakini wakati huo huo serikali hiyo ilikuwa inahamisha wanakijiji kwa nguvu na kuwafungia kwa vijiji vilivyozungushiwa uzio, ili wapiganaji wasipate chakula. Hilo video fupi hazionyeshi. Helikopta zipo, muziki upo, kaptura zipo. Yule mama ndani ya uzio hayupo.

Na tuseme ukweli wote, sio nusu. Sio kila aliyebeba hiyo bunduki alikuwa mzungu. Kulikuwa na kikosi cha Rhodesian African Rifles, askari weusi chini ya maofisa ambao kwa miaka mingi walikuwa wazungu, na mwisho wa vita weusi walikuwa wengi kwenye hilo jeshi. Wengine walifuata mshahara, wengine familia zao zilikuwa jeshini vizazi. Na upande wa ukombozi pia kulikuwa na ukatili, wanakijiji waliuawa kwa kushukiwa tu kuwa wasaliti. Historia sio geimu ya timu mbili zenye rangi safi. Lakini kujua hivyo hakufanyi pande mbili ziwe sawa. Mmoja alikuwa anapigania kura. Mwingine alikuwa anapigana isipigwe.

Rangi ya uso

Hapa ndipo Kenya inaingia, na hapa ndipo mimi nilishtuka.

Wakati wa vita vya Mau Mau, Hali ya Hatari ikiwa imetangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wetu walikuwa na shida ya bunduki kiasi kwamba walitengeneza zao. Mabomba ya maji, komeo za milango, mipira ya kuvuta. Zingine zililipukia mikononi mwa mwenyewe. Na Waingereza walikuja na mbinu: magenge bandia. Wanachukua wapiganaji waliotekwa wakabadilishwa upande, wanawachanganya na polisi na walowezi vijana, wanavaa kama Mau Mau, wanaingia msituni wakijifanya wenzao. Wale wazungu walijipaka weusi usoni na mikononi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Magenge bandia ndiyo yaliyotumika kumsaka Dedan Kimathi mpaka akapigwa risasi na kukamatwa Oktoba 1956. Ofisa mmoja Mwingereza, Frank Kitson, aliandika kitabu juu ya hii mbinu mwaka wa 1960, na majeshi mengine yakasoma.

Mwaka wa 1973 Rhodesia ikaunda kikosi chake cha kazi hiyo hiyo. Wapiganaji waliobadilishwa, askari weusi, na wazungu waliojipaka krimu nyeusi usoni. Krimu yenyewe ilikuwa inaitwa Black Is Beautiful. Sijatunga. Maneno ambayo watu weusi wa Marekani waliyatumia kujipenda, yakawa jina la kopo la kujipaka ili ukaue watu weusi. Na hicho kikosi kilipewa jina la nani? Toa ule mfuko. Selous Scouts.

Yule Selous aliyeongoza msafara wa 1890 aliuawa vitani Januari 1917, Behobeho, kusini mwa Tanzania, akipigana na Wajerumani akiwa mzee wa miaka 65. Mbuga kubwa ya pale ikapewa jina lake, Selous. Mwaka wa 2019 Tanzania ikamega sehemu kubwa ya hiyo mbuga ikaiita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina la mtu aliyewafungulia njia walowezi likapisha jina la mtu aliyewapa wapiganaji kambi. Wengine waliona ni utalii tu. Mimi naona kuna mtu hapo alikuwa amesoma historia.

Rudi kwa rangi. Tarehe 9 Agosti 1976, msafara wa Selous Scouts ulivuka mpaka ukaingia Msumbiji. Magari yao, malori na ya deraya, yalikuwa yamepakwa rangi na alama za FRELIMO, jeshi la Msumbiji. Waliokuwa ndani wamevaa sare za FRELIMO. Wazungu wamepakwa weusi. Wakaingia kambi ya Nyadzonya asubuhi kama wageni wa kawaida, watu wakakusanyika kuwapokea, halafu wakafungua risasi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 1,000. Rhodesia ilisema ni kambi ya wapiganaji. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema ni kambi ya wakimbizi.

Sasa umeona kwa nini nimesema tuongee rangi? Rangi kwa bunduki ili usionekane. Rangi kwa gari ili uonekane rafiki. Rangi kwa uso ili uonekane ndugu. Na vita vyote vilikuwa juu ya rangi nyingine, ile huwezi kuiosha kwa sabuni.

Vita vilikwisha na makubaliano ya Lancaster House, Desemba 1979. Jengo hilo hilo la London ambapo viongozi wetu walijadili katiba ya Kenya. Tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikazaliwa. Zaidi ya watu 20,000 walikuwa wamekufa, wengi wao weusi.

Gereji za Marekani

Bunduki hazifi nchi ikifa. Zile FAL ziliuzwa, zikavunjwa vipande, na vipande vingi vikafika Marekani kama vipuri. Watu walionunua walikuta mabaki ya kijani na njano kwenye kona za chuma. Hapo ndipo ushabiki wa rangi ulianza kwa wakusanyaji: tafuta picha, linganisha, changanya rangi, paka. Kuna kampuni ziliona soko zikaanza kuuza zilizopakwa tayari.

Nisiwe mtu wa kuhukumu kila mtu. Kuna wanaokusanya vitu vya vita kama wengine wanavyokusanya stempu, na wengine wanajua historia hii kuniliko. Kupaka bunduki rangi kwa nyumba yako, kama sheria ya kwenu inakuruhusu kuwa nayo, sio dhambi. Wanajeshi wa Marekani walipiga bunduki zao spre za makopo Afghanistan kwa sababu ile ile, nyeusi inaonekana kwa mchanga. Rangi ni kifaa.

Lakini Rhodesia haikufika Marekani kama rangi peke yake. Mwaka wa 1975 kulianzishwa jarida la Soldier of Fortune, na lilisaidia kuwafanya Wamarekani waone vita vya Rhodesia kama mchezo wa wanaume, njoo upigane. Stori iliyouzwa ilikuwa kwamba wazungu wachache, jasiri, wamezingirwa, dunia imewasaliti. Baada ya 1980 hiyo stori haikufa. Ilikaa kimya ikingoja intaneti.

Tarehe 17 Juni 2015, kijana mzungu wa miaka 21 aliingia kanisa la watu weusi mjini Charleston, Marekani. Wakamkaribisha kwa somo la Biblia. Akakaa nao, halafu akaua watu tisa. Jina lake siandiki, halistahili. Lakini picha yake ilikuwa imeenea: koti lenye bendera mbili ndogo kifuani, moja ya Afrika Kusini ya ubaguzi, nyingine ya Rhodesia. Na tovuti yake aliipa jina la Mrhodesia wa Mwisho. Rhodesia iliisha 1980. Yeye alizaliwa 1994. Alikuwa anaililia nchi ambayo hakuwahi kuiona, aliyoijua kwa skrini tu.

Sitaki useme kila anayepaka FAL kijani na njano ni kama huyo. Nasema hivi: ile picha ya kaptura na kopo la rangi ni mlango. Wengi wanasimama mlangoni wanapiga selfi wanaenda zao. Wengine wanaingia ndani. Na walioko ndani wanajua kabisa mlango huo unavutia vijana, ndio maana wanaupaka rangi kila siku.

Sasa wewe

Najua kuna mtu atasema, "Buda, ni geimu tu, ni picha tu." Sawa. Mimi pia napenda skini, na sitakuambia ufute simu yako. Sikumaliza kampasi, kwa hivyo siwezi kujifanya lekchara hapa. Lakini fikiria hii: Mau Mau walitengeneza bunduki kwa komeo la mlango. Wangapi kati yetu tunajua zinavyofanana? Kuna mtu yeyote ameweka hiyo kama skini? Ya yule aliyepaka uso ili amwinde babu yako inapata mamilioni ya watazamaji, na ya babu yako inakaa kwa kabati la makumbusho, wanafunzi wanapita wakiuliza chipsi ziko wapi.

Hiyo sio njama ya mtu. Ni kwamba aliyekuwa na kamera, jarida na baadaye intaneti ndiye aliyeamua nini kinapendeza. Zimbabwe yenyewe ilipitia mengi baada ya 1980, mauaji ya Matabeleland, njaa, pesa zisizo na thamani, na mashabiki wa Rhodesia hutumia hayo kama ushahidi: "Mnaona, walipopewa wakaharibu." Hapo usikubali kupelekwa. Ubaya wa Mugabe hauoshi ubaya wa Smith. Mtu akichoma nyumba aliyonyang'anya mwizi, mwizi hageuki kuwa mwenye nyumba.

Kwa hivyo ukikutana na hiyo video, bunduki ya kijani na njano, muziki wa huzuni, wanaume wa kaptura wakiruka kutoka helikopta, fanya kitu kimoja kabla hujabonyeza laiki. Jiulize helikopta imetua kwa shamba la nani. Kisha mtumie rafiki yako aliyeiposti jina moja tu, Nyadzonya, mwambie aitafute mwenyewe.

Na kama kwenu kuna mzee aliyeshika ama kuona zile bunduki za komeo, muulize zilipakwa nini zisishike kutu msituni. Mafuta? Moshi? Nta? Mrekodi kwa simu yako akiwa bado ana sauti. Mimi niko tayari kuiweka hapa, na hiyo ndiyo skini nataka kuona ikienea.